Mteja wa Mazoezi

Siku ya kwanza ya mazoezi, Bibi alitoka jikoni kwa mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba, akapita chini ya kamba za nguo, kisha akabisha hodi kwenye mlango wa mbele wa nyumba hiyo hiyo anayoishi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba ameubana kwapani, na usoni amejitia ugeni kiasi kwamba Msusi, mke wa mwanawe, alilazimika kuuma mdomo asicheke.

"Karibu, mama. Karibu ndani."

"Hapa ndipo ofisi ya ustawi wa jamii?"

"Ndipo hapa. Kaa kitini."

Bibi akakitazama kiti cha kusukia, cha plastiki, chenye mto uliotoboka. Akapitisha macho kwenye mabunda ya nywele za bandia yaliyoning'inia ukutani na kwenye kioo chenye ufa. "Mh," akaguna. "Ofisi za serikali siku hizi zimechoka, jamani."

Akakaa, akaanza kueleza shida zake, na shida zenyewe zilikuwa za kuvunja mbavu. Mume alikuwa mlevi, watoto walikuwa saba na wote wezi, na mbuzi alikuwa amekula vyeti vya kuzaliwa vya ukoo mzima. Msusi alicheka mpaka akatoa machozi. Alipopata pumzi akasema, "Pole sana, mama. Sasa mimi nakushauri hivi..."

"Umeanza!" Bibi akapiga paja. "Nani kaomba ushauri? Sijafika hata kwenye shida yenyewe. Bado nilikuwa kwenye mbuzi."

Mambo haya yaliletwa na mteja mwingine, wa kweli, afisa wa ustawi wa jamii ambaye Msusi alimsuka kila mwisho wa mwezi. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba chuo kikuu kina nafasi za watu wazima katika masomo ya ustawi wa jamii. Ndiye aliyemsukuma akaomba, na jina lake lilipopita mchujo wa kwanza ndiye aliyemweleza kilichobaki. Ataingizwa chumbani na mtu anayejifanya ana shida, azungumze naye, huku wakubwa wamekaa pembeni wakimtazama.

"Hapo sina wasiwasi," Msusi alimjibu siku hiyo, vidole vikikimbia kichwani kwa yule afisa. "Mimi kutwa nazungumza na watu."

"Ndiyo maana utaanguka. Wewe unazungumza. Nimekwambia mwanangu hataki shule, hujaniacha nimalize, umeshanipa mifano ya watoto wa mtaa mzima. Halafu tangu nikae hapa hujaniona uso."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma. Msusi alikuwa amesikiliza watu miaka yote kutokea kisogoni. Alijua shingo ya mtu anayezuia kilio, alijua bega la mtu anayetia chumvi, lakini akimkabili mtu uso kwa uso, mikono mitupu mapajani, alibabaika kama mwizi aliyekutwa. Yule afisa akampa mambo matatu ya kushika: usimjibie mtu, usimpe ushauri hajaomba, na akikwambia neno, libaki pale pale lilipotoka.

Alijaribu kwanza kufanya mazoezi na mumewe. Fundi alikuwa mtengenezaji wa mafriji, mtu mwema, asiyejua kukaa bila bisibisi mkononi. Alisema shida yake ni mke anayetaka kuwa mheshimiwa huku mlo unachelewa, akajicheka mwenyewe, akaondoka zake. Ndipo Bibi, aliyekuwa anachambua mchele kizingitini, akasema bila kuinua kichwa, "Nipe mimi kazi hiyo. Shuleni nilikuwa nikiigiza, watu wanalia."

*

Kila alasiri, wateja wakishapungua na mapacha wakilala, Bibi alizunguka nyumba na kubisha hodi. Mapacha walikuwa na miaka minne. Wa kiume walimwita Bosi kwa sababu ya amri zake, na wa kike walimwita Katibu, kwa sababu lolote alilofanya Bosi yeye alilipeleka kwa wakubwa kabla halijapoa. Wakiamka mapema, Katibu alikuja kusimama mlangoni, akamkuta bibi yake na mkoba na viatu vya kutokea, akauliza, "Bibi, unaenda wapi?"

"Mimi si bibi yako. Mimi nina shida zangu hapa. Nenda kamwangalie kaka yako."

Msusi akaanza kujifunza. Alikalia viganja vyake visitafute kitana. Alimeza maneno. Na kadiri alivyomeza, mteja wa mazoezi naye akabadilika. Mbuzi akatoweka. Watoto saba wakapungua. Mume mlevi akafa bila kelele, na akaja mwanamke mwingine asiye na vichekesho, aliyesema polepole, akiutazama ufa wa kioo.

Alasiri moja mwanamke huyo akasema, "Mimi nilizaa mtoto wa kike kabla ya huyu wa kiume."

Msusi akaitikia kwa kichwa, asimkatize.

"Sikuwa nimeolewa. Walikuja watu wasio na mtoto, watu wazuri tu, wakapewa. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimelala, nilipoamka nguo zake zilikuwa zimeshafuliwa na kuanikwa." Akanyoosha mkunjo wa gauni lake. "Zilikauka, zikakunjwa, zikapelekwa na zenyewe."

Msusi alitaka kuuliza, mama, ni wewe? Alitaka kusema pole, na hata pole ilikataa kutoka. Mumewe alikuwa mtoto wa pekee, kila mtu alijua hivyo, mwenyewe alitamba hivyo. Alibaki amekalia mikono yake mpaka ikafa ganzi, na mwishowe yule mwanamke akasimama, akashukuru ofisi, akatoka kwa mlango wa mbele. Punde Bibi akaingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akauliza kama kitunguu kipo.

"Mama," Msusi akaanza, "yale ya leo..."

"Yapi?"

"Yale ya yule... ya mtoto."

"Sijui mnazungumza nini huko ofisini," Bibi akasema, kisu tayari kiko mkononi. "Mimi hapa nauliza kitunguu."

Usiku huo na kesho yake kichwa kilimzunguka Msusi. Akimsalimia mama mkwe wake asubuhi, hakujua anamsalimia nani. Akajiambia ni maigizo, mtu aliyeweza kubuni mbuzi anaweza kubuni na mtoto. Kisha akazikumbuka zile nguo zilizoanikwa, akajua mtu habuni nguo zilizoanikwa. Kisha akajiambia kwa nini asibuni? Akachoka, akaendelea kusuka.

*

Lililofuata lilikuwa dogo kuliko hilo, na ndilo lililoleta balaa.

"Nilikuja kwa mwanangu kwa wiki mbili," mwanamke wa mazoezi alisema siku nyingine. "Mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Akaniambia, mama, wiki mbili tu, mpaka apate nguvu. Hao mapacha sasa wanajifunga viatu wenyewe."

Msusi aliona uso unamwaka moto.

"Si kwamba nateswa. Nakula, nalala, naheshimiwa. Lakini miguu yangu hii." Akauinua mmoja, kiatu kimeubana, kifundo kimevimba. "Kutwa nakimbiza watoto. Na mimi nina kwangu." Akafungua mkoba, akatoa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu, akauweka kwenye meza ya vitana. "Mlango wangu huu hapa. Natembea nao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, we mama, unataka kurudi lini?"

Ufunguo ule Msusi alikuwa hajawahi kuuona. Aliukodolea macho akashindwa kujua kama umeletwa kuigizia au umeishi ndani ya mkoba ule miaka yote hiyo. Mwanamke akauchukua, akaurudisha, akaaga.

Angekaa nalo, kama alivyokaa na lile la mtoto. Lakini lile la mtoto lilikuwa zito hata halikupita mdomoni, na hili lilikuwa jepesi, tena lilimhusu yeye mwenyewe, lilimtia aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumgawia. Jioni, akimmiminia Fundi maji ya kunawa, likamponyoka. Alisema kwa kucheka kidogo, kama kitu cha kupita: mama yako kwenye mazoezi amesema hivi na hivi, eti wiki mbili, eti miguu, unadhani ni kweli?

Fundi hakucheka. Walipokaa kula, watu wote wamezunguka sinia, akasema, "Mama, kumbe tunakutesa hapa?"

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya chakula.

"Kama una neno si uniambie mimi mwanao? Mpaka umpelekee mke wangu kwa michezo? Mtu akikukosea hapa ndani sema, isije ikawa tunaishi na kinyongo."

"Bibi ana ufunguo," Katibu akatoa taarifa. "Uzi mwekundu."

"Nyamaza ule," Msusi akamwambia.

Bibi akaweka tonge kinywani, akatafuna, akameza. Kisha akacheka, kicheko kizuri kabisa cha mtu asiye na neno. "We baba, umechanganyikiwa? Yale ni ya kuigiza. Nilimwambia pia nina mbuzi anayekula vyeti. Hilo hakukwambia?" Fundi akashusha pumzi, akacheka naye, akamsogezea mama yake nyama. Mambo yakaisha.

Ila kabla hayajaisha Bibi alikuwa amemtazama Msusi. Alimtazama kidogo tu, na ndani ya macho hayo hakukuwa na hasira. Ilikuwa hofu. Msusi hakuelewa hofu ya nini, kwani mambo ya wiki mbili yalikuwa yameshamwagika na yameshachekwa. Chakula kikamshinda.

Kesho yake alasiri alipanga viti viwili, akangoja. Hodi haikupigwa. Alimkuta Bibi uani, anaanua nguo.

"Mama, leo huji?"

"Nije wapi?"

"Mazoezini. Usaili ni wiki hii."

"Sikia, mwanangu." Bibi alikunja shati la Fundi, akalilaza vizuri juu ya mengine. "Yule mwanamke alinipa salamu zako. Anasema ofisi yako inavuja. Hatakuja tena."

*

Chuoni walimkalisha kwenye benchi la korido pamoja na waombaji wengine. Wengi walikuwa vijana wenye viatu vinavyong'aa, walioulizana umewahi kufanya kazi shirika gani. Msichana mmoja akamgeukia. "Na wewe, dada?"

"Mimi nasuka."

"Mikeka?"

"Nywele."

"Aa," msichana akasema, akashika nywele zake kwa mbele, akatabasamu. "Basi ukikosa hapa nitakutafuta." Wenzake wakacheka. Msusi naye akacheka, kwa sababu hakujua la kufanya.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza, viti viwili vinavyotazamana, na wakubwa watatu wamekaa kando ya ukuta. Mteja wa kuigiza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mwembamba aliyejikunyata kama mtu wa kazi za ndani. Msuko mmoja nyuma ya sikio lake ulikuwa umefumuka. Msusi alikalia mikono yake kwa nguvu zote.

Wakasalimiana. Binti akainamisha kichwa, akachezea kidole. Kisha akauliza, "Nikikwambia, utamwambia nani?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Simwambii mtu, niamini, mimi ni kama dada yako. Msusi akafungua mdomo, na badala ya jibu akaona sinia la chakula na mkono uliosimama juu yake. Akaufunga mdomo. Feni ikazunguka. Mkubwa mmoja mwenye miwani akakohoa, mwingine akatazama saa yake. Msusi alitaka kusema chochote, hata habari za hali ya hewa.

"Sijui," akasema mwishowe. "Sijui unataka kuniambia nini. Kama kuna mtu anakuumiza, itanilazimu nimwambie mkubwa wangu. Lakini nitakwambia wewe kwanza kabla sijafungua mdomo kwa mtu mwingine. Mengine hayatoki. Na kama hilo halikutoshi, usiniambie leo. Nitakuwepo kesho."

Binti akainua uso. Kwa mara ya kwanza akaonekana kama amesahau anaigiza. Kisha akakumbuka, akaendelea, akasema machache, na muda ukaisha bila Msusi kujua shida ya yule binti hasa ilikuwa nini. Alitoka akiwa na hakika amefeli. Waliotangulia walitoka wakisimulia jinsi walivyomliwaza mteja, walivyomwahidi siri, walivyompa njia za kutatua mambo yake. Yeye alikuwa ametoa "sijui" mara mbili.

*

Majibu yalimkuta kichwa cha mtu kiko nusu. Simu ililia mlio wa ujumbe, akausoma, akausoma tena, akampa mteja amsomee.

"Umechaguliwa," mteja akasema, upande mmoja nywele zimesukwa, upande mwingine zimesimama. "Ustawi wa jamii. Hongera, shosti! Utanimaliza lakini kichwa changu?"

Yule afisa alipopiga simu alikuwa anapiga kelele kwa furaha. Alisema amesikia, ingawa hakutaka kusema amesikia wapi, kwamba karibu kila mtu alimwahidi yule binti siri isiyo na mpaka, ahadi ambayo afisa hawezi kuitimiza, na kwamba wakubwa walikuwa wametega hapo hapo. Msusi akasikiliza akizidi kuchanganyikiwa. Alikuwa amefaulu kwa sababu alikosea nyumbani. Hakujua afurahi kwa mkono upi.

Nyumbani furaha haikuuliza maswali. Fundi alifunga karakana mapema, akaleta soda, akamwita mkewe mheshimiwa mbele ya majirani. Bosi akaamuru kila mtu apige makofi. "Na watoto je, utawaweka wapi?" jirani akauliza, kama watu wanavyouliza mambo ya wenzao.

"Mama yupo," Fundi akasema, akamshika mama yake bega. "Hapo hatuna shida. Kila kitu kimeshapangwa."

"Nipo," Bibi akasema, akatabasamu.

Msusi alitazama miguu ya Bibi. Alikuwa pekupeku, vifundo vimejaa. Na hapo furaha yote ikatumbukia nyongo. Akinyamaza, Jumatatu ataingia darasani. Nani angemlaumu? Mwenye miguu mwenyewe alishasema mbele ya watu kuwa ni maigizo. Akiuliza, akapata jibu la kweli, mapacha hawana wa kuwaangalia, Fundi hana mke wa kubaki nyumbani, na nafasi ile, ambayo umri wake usingempa tena, inaota mbawa. Aliinywa soda yake mpaka mwisho. Ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo.

*

Jumamosi alimwomba Bibi akae amsuke, asibaki na kichwa kile na wageni wanakuja kupongeza. Bibi akakaa. Msusi akaanza kugawa nywele kwa mkia wa kitana, mvi kwa mvi. Ilikuwa rahisi hivi. Shingo ilikuwa mbele yake, angeweza kuuliza na asione uso unavyobadilika.

Akaacha. Akaweka kitana chini, akavuta kigoda, akazunguka, akakaa mbele ya mama mkwe wake magoti yakikaribia kugusana.

"Mbona umeacha? Nitabaki nusu?"

"Mama, nataka kukuuliza."

Bibi akachungulia mlangoni, kisha akamtazama. "Unamuuliza nani? Mteja, au mimi?"

"Wewe. Na kabla hujanijibu, mimi nilikosa. Sikupaswa kumwambia mwanao."

"Hukupaswa."

"Unataka kurudi kwako?"

Bibi akafungua mdomo na kile kicheko kizuri kilikuwa njiani, Msusi alikiona kinapanda. Hakusema kitu. Hakumsaidia. Kicheko kikafika kwenye meno, kikarudi.

"Nataka," Bibi akasema. Machozi yakamtoka bila kishindo, akayafuta kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho. "Nataka nilale niamke ninapotaka. Nataka kusikia mlango wangu. Na nataka wewe usome. Nilikufundisha mwenyewe, leo nitataka usisome? Sasa vyote viwili nitavitakaje? Nambie wewe, msomi."

"Sijui, mama," Msusi akasema, na alikuwa analia pia. "Kwa kweli sijui."

Walikaa hivyo. Nje Bosi alikuwa anampigia Katibu kelele juu ya ndoo.

"Naweza kumwambia mwanao?"

Bibi akafikiri. "Mwambie hilo la kurudi," akasema taratibu. "Hilo tu." Kisha akageuza kichwa. "Sasa nimalizie, nisije nikaondoka kama kuku aliyenyonyolewa."

*

Fundi alikuwa uani, amechutama nyuma ya friji la mtu. Msusi akasimama kando yake, akamwambia. Alisema maneno machache: mama anataka kurudi kwake, ni kweli, nimemuuliza uso kwa uso, na ameniruhusu nikwambie.

"Haiwezekani," Fundi akasema. "Jumatatu unaanza chuo."

Msusi akanyamaza.

"Mimi nina kazi za watu hapa. Unataka watoto wakae na nani?"

Zamani angeshampa majibu matano: shangazi fulani, binti wa jirani, au basi, nitaahirisha mwaka mmoja. Hili la mwisho lilimfika kwenye ulimi, likamchoma. Akalimeza.

"Si aseme mwenyewe? Kwa nini hasemi?" Akafungua skrubu iliyokuwa imeshafunguka. "Kwani tulimwahidi nini? Mbona unanitazama tu? Sema kitu."

Hakusema. Alimtazama mumewe usoni, akaona jinsi uso ule ulivyokuwa wa mama yake, na jinsi ulivyotafuta pa kukimbilia na kukosa. Fundi akaweka bisibisi chini. Mikono yake ikawa haina kazi.

"Wiki mbili," akasema, akikitazama chuma. "Nilimwambia wiki mbili." Akasugua paji la uso akalichafua kwa grisi. "Mimi nilidhani amesahau."

Kuku wa jirani akapita. Ndani kiti kikasogezwa.

"Basi hawa wawili nitashinda nao karakana," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyehukumiwa. "Mpaka waanze shule. Watang'oa nyaya za mafriji ya watu, utasikia. Nitafungwa mimi."

*

Jumatatu asubuhi nyumba ilikuwa vurugu tupu. Fundi alikuwa amewavisha mapacha, viatu vya Bosi vikiwa miguuni kwa Katibu, na Katibu alikuwa anamtolea taarifa kila aliyepita. Msusi alikuwa na daftari jipya mkononi. Bado hakujua kama amefanya vizuri. Alijiona kama mtu anayemfukuza mama wa watu ili aende kusomea jinsi ya kuwasaidia mama wa watu, na ungemuuliza angekiri hivyo hivyo.

Bibi akatoka chumbani na begi moja, mkoba kwapani, viatu vya kutokea. Akapita mlango wa mbele. Fundi akachukua begi, akatangulia nalo barabarani na Bosi nyuma yake, na kwa muda mfupi wakabaki wanawake wawili kizingitini, na Katibu katikati yao, ameshika sketi ya mama yake.

Bibi akauangalia mgongo wa mwanawe mpaka ukafika mbali.

"Yule mwanamke," akasema chini chini. "Ile habari yake ya mtoto. Ulimwambia?"

Msusi akaelewa ile hofu ya kwenye sinia. Akatikisa kichwa. "Sijamwambia mtu."

"Hata yule afisa wako?"

"Hata yeye."

Bibi akavuta pumzi ndefu, akauhamisha mkoba kwapa la pili. "Basi umefaulu," akasema.

Akainama kwa shida, akapitisha mkono kichwani kwa Katibu, kwenye vinywele vile laini vya utosini ambavyo Msusi hakuwahi kuvipatia msuko, vilivyofumuka kila alipovisuka.

"Nywele zake zilikuwa kama hizi," akasema, akashuka ngazi.